Ukimya wa Aina Mbili katika Misitu ya Manyatta

Kitenzi "kutembea" katika Kiswahili kimebeba kwa pamoja maana ya kwenda kwa miguu pasipo haraka na maana ya kwenda kuwajulia wengine hali, ndiyo sababu mtu aliyebisha hodi kwa jirani jioni, akaulizwa shida yake, huweza kujibu kwamba hana shida yoyote, amekuja kutembea tu, na jibu hilo likatosha. Msitu haujazoea kutembelewa kwa namna hiyo. Katika usemi wa kila siku nchini Kenya, anayeingia msituni amefuata kuni, mbao, asali, dawa au malisho, na asipofuata kimojawapo basi ameasi serikali, kwa kuwa "kuingia msituni" ni msemo uliokwisha kupata maana ya kushika silaha. Hakuna neno lililo tayari kwa mtu anayekwenda kuketi chini ya miti kwa saa mbili tatu, asichukue kitu, kisha akarudi nyumbani. Makala haya yanashikilia kwamba upungufu huo si wa msamiati peke yake, na kwamba eneo bunge la Manyatta katika Kaunti ya Embu ni mahali pazuri pa kuuonyesha, kwa sababu hapo misitu ya aina mbili zisizofanana kabisa hukaa bega kwa bega huku yote ikiitwa kwa jina moja.

Manyatta inaushika mji wa Embu na kupanda kuelekea miteremko ya kusini-mashariki ya Mlima Kenya, kwanza katika mashamba ya kahawa, halafu katika chai, mpaka vijiji vinapokoma juu ya Kianjokoma na msitu wa Irangi unapoanza. Karibu na mji upo msitu mdogo wa Njukiri, ambao jina lake linamkumbusha msikilizaji njuki, yaani nyuki, ikiwa ndipo lilipotoka au sipo. Upande huu wa mlima hupokea pepo zenye unyevu zitokazo Bahari ya Hindi, na mvua yake kwa mwaka katika sehemu za juu hupita milimita 2,000, kiwango ambacho mkulima wa Mbeere, aliye mwendo wa saa chache tu kuteremka bondeni, hawezi hata kukiota. Mvua hiyo, pamoja na ukungu mzito wa Julai na Agosti, ndiyo iliyoukuza msitu wa majani mapana unaozungumziwa hapa.

Istilahi "majani mapana" yahitaji kufafanuliwa. Wataalamu wa misitu huigawa miti ya mbao katika makundi mawili makubwa: ile yenye majani membamba kama sindano au magamba, kama vile mipaini na misaipresi, na ile yenye majani yaliyotanda, ambayo katika Afrika Mashariki ndiyo sehemu kubwa ya miti ya kiasili. Mgawanyo huo una kasoro zake, kwa kuwa mkaratusi uliotoka Australia nao umo katika kundi la majani mapana ijapokuwa hauna undugu wowote na msitu wa Embu, na muthengera wa kiasili umo katika kundi la sindano. Hata hivyo unafaa kwa mwenye kutembea, maana jani ndilo kitu cha kwanza atakachokikanyaga. Katika Irangi jani hilo aghalabu ni la muthaiti, mti ambao sayansi huuita Ocotea usambarensis na ambao Watanzania wa Usambara huuita mkulo. Muthaiti uliokomaa huweza kufikia mita 35 na zaidi, na mbao zake, zenye harufu inayokaribia ya kafuri na zisizooza upesi kwa kuvu, ndizo zilizotengenezewa milango na makabati ya nyumba nyingi za enzi ya ukoloni. Jani lake ni la kijani iliyoiva upande wa juu na jeupe-jeupe upande wa chini, kwa hiyo yakianguka mengi, nusu yakilala kifudifudi na nusu kichalichali, ardhi huonekana kana kwamba imemwagiwa majivu hapa na pale, na mgeni hudhani kwamba mtu alikuwa akichoma makaa mahali hapo mpaka ainame kuokota.

Chini ya tabaka hilo la juu lipo la mwaka uliopita, limelainika na kuwa jeusi, na chini yake tena lipo ambalo halina umbo la jani bali ni nyuzi tupu za mishipa zilizosukwa na kuvu weupe. Mkono ukipenya humo huingia hadi kifundo kabla ya kukuta udongo, na hutoka umelowa hata wakati wa kiangazi cha Februari. Matandazo hayo ndiyo hupokea mvua na kuiachilia kidogo kidogo. Mto Rupingazi upitao kando ya mji wa Embu huungana na Thiba, na maji yake huishia katika Tana, penye mitambo ya umeme ya Kindaruma iliyoanza mwaka 1968, Kamburu wa 1974, Gitaru wa 1978 na Kiambere wa 1988. Habari hiyo ya maji na umeme imeandikwa mara nyingi, tena vizuri, na haina haja ya kurudiwa hapa. Kisichoandikwa sana ni kile ambacho matandazo hufanya kwa sauti: huzimeza. Nyayo za mtu hazisikiki, wala za mnyama aliye nyuma yake.

Hapa ndipo ilipo tofauti kati ya ukimya wa aina mbili. Wa kwanza ni ule wa msitu uliopandwa. Tangu mwanzoni mwa karne ya 20 serikali ya kikoloni ilifyeka sehemu za msitu wa kiasili na kupanda miti ya kigeni ikomaayo upesi, hasa msaipresi na mpaini yenye asili ya Mexico na nchi za jirani zake, kwa utaratibu uliokuja kujulikana kama mfumo wa shamba, yaani wananchi kuruhusiwa kulima mahindi, viazi na maharagwe katikati ya miche kwa miaka michache huku wakiipalilia, kisha kuhamishwa kivuli kinapoanza kufunga. Mfumo huo ulipigwa marufuku na kufufuliwa zaidi ya mara moja, na kwa jina jipya ungali upo chini ya Huduma ya Misitu nchini Kenya. Anayeingia katika kiunga cha misaipresi ya miaka 25 hukuta mistari iliyonyooka, mashina ya unene mmoja, na zulia la rangi ya kahawia lisiloota kitu, kwa sababu mwanga haufiki chini na hakuna tunda linaloangukia hapo. Ni kimya, tena kimya sana. Ndege hupita juu na kwenda zake kwa kuwa hakuna cha kula, na mdudu asipokuwapo, wa kumfuata mdudu naye hayupo. Ukimya huu ni ule wa ghala lililofungwa: mali imo, lakini hakuna mwenyeji.

Ukimya wa pili huchukua muda kutambulika, na ndio unaomdai mgeni aketi. Dakika za mwanzo msitu wa majani mapana pia hunyamaza, lakini hunyamaza kwa sababu mgeni amefika. Robo saa ikipita bila yeye kusogea, matawi ya juu huanza kuchezacheza, na mbega weusi wenye joho jeupe mabegani huonekana walipokuwa tangu awali. Mbega ni mfano mzuri wa namna ukimya unavyotokana na jani lenyewe. Chakula chake kikubwa ni majani, ambayo ni mengi lakini hayana nguvu nyingi na ni magumu kuyeyushwa, kwa hiyo tumbo lake limegawanyika vyumba na huyachachua majani polepole kwa msaada wa vijidudu, kazi inayomlazimu kukaa kitako sehemu kubwa ya mchana. Alfajiri huunguruma kwa sauti nzito isikikayo kutoka kilima hadi kilima, lakini kufikia saa nne amekwisha kushiba na ametulia tuli. Mtalii anayetaka kuona vituko humwita mvivu. Mwenye kujua huona kiwanda kinachofanya kazi bila kelele.

Karibu na ardhi mambo ni madogo zaidi na huhitaji jicho. Kinyonga mwenye pembe tatu, ambaye miteremko ya Mlima Kenya ni mojawapo ya makao yake, huweza kuwa juu ya kijiti kilicho urefu wa mkono kutoka kwenye bega la mtu na asionekane kwa saa nzima. Tofauti na vinyonga wengi wa nyanda za chini wanaotaga mayai ardhini, huyu huzaa watoto waliokwisha kuanguliwa, jambo linaloaminika kumfaa anayeishi penye baridi. Juu yake hupita shorobo, ndege wa kijani ambaye akikunjua mabawa huonyesha wekundu mkali utokanao na rangi yenye shaba ndani yake, na anayekula matunda ya mugumo na kudondosha mbegu kwenye panda ya mti mwingine. Mbegu hiyo huota huko huko juu, huteremsha mizizi kama kamba mpaka chini, na baada ya miaka mingi huufumbata mti uliokuwa mwenyeji wake hadi ukafa na kuoza, ukibaki mugumo ulio wazi katikati kama nguzo za nyumba. Waembu, Wameru na Wakikuyu waliutenga mti huu kwa ibada, na wazee walikataza usiguswe kwa panga; mtu anaweza kuwa na imani nyingine kabisa na bado akaona kwamba katazo hilo liliuhifadhi mti ambao matunda yake huiva kwa zamu, huu ukikoma ule ukianza, wakati miti mingine ya msitu haina chakula.

Ukimya wa Irangi una historia, na historia hiyo haikuwa ya amani. Katika Hali ya Hatari, kati ya mwaka 1952 na 1960, misitu ya Mlima Kenya ilikuwa maficho ya wapiganaji wa Mau Mau, waliokuwa chini ya makamanda kama Waruhiu Itote aliyejulikana kama Jenerali China, aliyekamatwa Januari 1954, na upande wa Meru Musa Mwariama, aliyetoka msituni nchi ilipopata uhuru. Serikali iliutangaza msitu kuwa eneo la marufuku na kuwalazimisha wanavijiji, wengi wao wanawake, kuchimba handaki refu ukingoni ili chakula kisiwafikie waliokuwa ndani. Kwa hiyo vizazi viwili vya watu wa ukingo huo vilijifunza kwamba kutembea msituni ni kosa la jinai, na kunyamaza msituni ni njia ya kubaki hai. Pengine ndiyo maana hata leo mzee wa Embu akiambiwa kwamba kijana wa Nairobi amekuja kustarehe miongoni mwa mithaiti humtazama kwa mshangao usiofichika.

Baadaye ukaja ukimya wa namna nyingine. Mwaka 1999 Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, kwa kushirikiana na wengine, liliuchunguza msitu wa Mlima Kenya kutoka angani na kuhesabu zaidi ya mithaiti 6,700 iliyokatwa kinyume cha sheria, mingi ikiwa upande huu wenye mvua, pamoja na tanuri za makaa na mashamba ya bangi yaliyofichwa chini ya matawi. Hilo lilitokea miaka miwili tu baada ya UNESCO kuuingiza mlima katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 1997. Mwaka uliofuata uchunguzi huo, usimamizi wa msitu ulikabidhiwa shirika hilo la wanyamapori. Funzo lake lililo dogo lakini la maana ni kwamba miti mirefu kuliko jengo la ghorofa kumi ilipasuliwa mbao papo hapo, kwa misumeno iliyosikika umbali mkubwa, na umma haukushtuka mpaka ndege iliporuka juu, kwa sababu waliosikia hawakuwa na pa kusema na waliokuwa na pa kusema hawakuwahi kukanyaga hapo.

Suala la kutembea linapata uzito wa kisiasa hapo hasa. Kifungu cha 69 cha Katiba ya mwaka 2010 kinaiagiza serikali kufikia na kudumisha miti katika angalau asilimia 10 ya ardhi ya nchi. Tathmini ya kitaifa ya mwaka 2021 ilitoa asilimia 12.13 kuwa eneo lenye miti, na asilimia 8.83 kuwa msitu. Nao mpango uliozinduliwa Desemba 2022 unalenga miti bilioni 15 na asilimia 30 kufikia mwaka 2032. Msitu katika hesabu hizo ni ardhi isiyopungua nusu hekta, ambayo matawi ya miti yenye uwezo wa kufikia mita mbili yamefunika angalau asilimia 15. Maana hiyo ina manufaa yake kwa mpimaji, lakini kwa mujibu wake kiunga cha mikaratusi kilichopandwa ili kuuzwa nguzo za umeme na bonde la mithaiti ya karne mbili ni kitu kimoja. Ripoti zenyewe huwa na majedwali yanayotenganisha msitu wa kiasili na wa kupandwa; nambari inayofika redioni, na kwenye hotuba ya siku ya kupanda miti, ni moja tu. Hata mjadala uliozuka pale katazo la ukataji la Februari 2018 lilipotangazwa kuondolewa Julai 2023 uliendeshwa kwa neno "misitu" pande zote mbili, ingawa waliotetea uamuzi walikuwa wakizungumzia misaipresi iliyopitisha umri na waliopinga walikuwa wakizungumzia chemchemi na mithaiti, na kwa hiyo wakapishana kama magari ya usiku.

Mwananchi ambaye amewahi kuketi katika aina zote mbili, hata kwa siku moja, hawezi kudanganyika kwa urahisi na nambari moja. Haihitaji shahada, masikio yanatosha. Hoja hii haipaswi kuchanganywa na ile ya afya inayotangazwa siku hizi, kwamba kutembea katika miti hupunguza msongo wa mawazo, hoja ambayo Wajapani waliipa jina rasmi mwaka 1982 na ambayo sasa huuzwa kwa bei ya hoteli. Huenda ni kweli, na hakuna haja ya kumkatalia mtu usingizi mwema. Lakini msitu unaothaminiwa kwa sababu unamtuliza mgeni unaweza kubadilishwa na msitu wowote mwingine unaomtuliza, hata wa misaipresi iliyopangwa mistari, mradi una kivuli na njia safi. Wahenga waliposema mgeni njoo, mwenyeji apone, walimtazama mwenyeji kwanza.

Yapo mapingamizi ya haki. Wageni wengi huharibu: hukanyaga miche, huacha chupa za plastiki, na wakiisha kuongezeka hutokea mtu wa kuwajengea baa. Isitoshe, kuna jambo lisilopendeza katika kumsifu anayetoka msituni mikono mitupu mbele ya mama anayetoka na mzigo wa kuni mgongoni kwa kibali cha kila mwezi, kana kwamba yeye ndiye mharibifu. Ukingo wa Irangi haukuwekwa na wanaouishia. Ukanda wa Chai ya Nyayo, ulioanzishwa mwaka 1986 kuuzunguka msitu kama kizuizi dhidi ya uvamizi, na ua wa umeme ulioanza kujengwa kuuzunguka mlima mwaka 2012 ili kuwazuia tembo wasiyale mashamba, vyote viliamuliwa na wengine, hata kama ua huo umewapa wakulima wengi usingizi. Jibu linalowezekana ni kwamba mama huyo, pamoja na wanachama wa vyama vya kijamii vya misitu ambavyo sheria ya mwaka 2005 na ile ya 2016 iliyoichukua nafasi yake zimevitambua, ndio wanaoujua msitu kwa majina, na kutembea kunakotetewa hapa hakuwezekani bila wao. Hakuna mgeni mwenye akili anayeingia Irangi peke yake, kwa sababu ya tembo na nyati na kwa sababu njia ni za kupotea. Huripoti kituo cha misitu, hulipa ada, huongozana na skauti wa jamii, naye huondoka kabla ya saa tisa, wakati mvua ya alasiri ya upande huu hupenda kuanza.

Skauti huyo ndiye kamusi. Ndiye anayetenganisha mwiria, unaojulikana na wanasayansi kama Prunus africana, ambao gome lake likikwaruzwa hutoa harufu ya lozi na ambao biashara yake ya kimataifa imewekewa masharti tangu mwaka 1995 kwa kuwa gome hilo hutengenezewa dawa ya tezi dume, na muhuru, ambao Wameru huuita muuru na wauza mbao huuita mwaloni wa Meru ingawa ni jamaa ya msaji na hauna nasaba yoyote na mialoni ya Ulaya. Muhuru hutambulika kwa vijani vitano vilivyotanda kutoka kikonyo kimoja kama vidole vya mkono uliokunjuliwa. Ni mti wa Kenya hasa, wa miinuko hii ya kati, na kuna watoto wanaofanya mtihani wa kidato cha nne chini ya kilomita 20 kutoka ulipo wakiwa wamechora mchoro wa mwaloni wa Ulaya lakini hawajaushika huo. Shule zilizo Manyatta hazihitaji basi la kwenda mbali. Njukiri iko karibu na mji, na safari ya nusu siku, wanafunzi 15 kwa wakati mmoja, wakiketi kwanza kwenye msaipresi na kisha kwenye miti ya kiasili, wakiandika kila sauti waliyoisikia katika dakika 20, ingewapa takwimu zao wenyewe za kulinganisha na ile nambari ya redioni.

Kuna kitu kimoja ambacho takwimu hizo zingekikosa kama safari ingekuwa ya haraka. Muthaiti hautegemei sana mbegu ili kuzaliana. Ukikatwa, mizizi yake husambaa na kutoa machipukizi kuuzunguka mti uliokuwapo. Pale penye visiki vya miaka ile ya 1990, vilivyofunikwa na kuvumwani na kuanza kumong'onyoka, machipukizi hayo yamekwisha kuwa miti miembamba iliyosimama kwa duara, mingine ikiwa imezidi unene wa paja la mtu, na matawi yake yameanza kugusana juu. Kwenye picha ya setilaiti pengo hilo limeonekana kuzibika. Chini, katikati ya duara, kisiki bado kina alama za msumeno upande mmoja, na maji ya mvua yaliyotuama katika tundu lake yana vyura wawili wadogo ambao hunyamaza mtu anapokaribia na kuanza tena akikaa.